Sauti Nene Si Ukali

Mwezi wa Aprili 1876 msafiri Henry Morton Stanley alikutana ana kwa ana na Mirambo, mtemi wa Urambo. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameungana na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga mtemi huyo, wakarudi wameshindwa, na njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ikabaki imefungwa. Tangu hapo Stanley alikuwa amejijengea kichwani sura ya jambazi la kutisha. Aliyekuja kumwona siku ile, kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu alichokitoa 1878, alikuwa mtu mpole, mwenye kusema taratibu, kinyume kabisa na alivyomdhania. Wakachanjiana, wakawa ndugu.

Mpe mwandishi wa leo kazi ya kumchora Mirambo katika tamthilia au mchezo wa redio, na yaelekea atampa sauti nene ya kutikisa kuta. Ndiyo mazoea yetu: mtu wa kuogopwa sharti angurume, na anayenguruma sharti awe mbaya. Mazoea haya yanaharibu hadithi. Nje ya hadithi yana madhara zaidi: yanamwonea mzee ambaye kosa lake pekee ni koo bovu, na yanamwacha apite salama yule anayedhalilisha watu kwa sauti ya asali.

Ushauri huu ni kwa yeyote anayelazimika kuieleza kwa maandishi sauti isiyopendeza: mtunzi wa hadithi, mwandishi wa habari, katibu wa baraza anayeandika kumbukumbu, mwalimu anayejaza ripoti ya mwanafunzi, na mwananchi anayeandika barua ya malalamiko. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii. Tatizo ni kwamba tunayachanganya.

Tenganisha koo, moyo na kauli

Kabla hujaandika neno "mkali", jiulize mambo matatu. Koo la mtu huyu likoje? Moyo wake ukoje saa hiyo? Na anamchukuliaje huyo anayesema naye?

Koo ni habari ya mwili. Mtu huzaliwa nalo, hulipata kwa kazi, au hulipata kwa mafua ya wiki moja. Moyo ni habari ya wakati: hasira, woga, uchovu, haraka. Kauli ni habari ya uhusiano: heshima, dharau, mamlaka, mapenzi. Mambo haya matatu huweza kwenda pamoja, lakini si lazima, na hapo ndipo penye utamu wa kuandika. Mirambo alikuwa na kauli laini na jeshi nyuma yake. Bibi wa Kiloleni, Tabora, anayeita, "Wee mtoto, njoo hapa upesi!" kwa sauti inayokwaruza kuliko mlango mbovu, huku amefunika kwa kanga sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyomwekea mjukuu, ana koo gumu na kauli ya mapenzi. Ukiandika tu kwamba bibi "alikuwa na sauti ya ukali", umempotosha msomaji, na umemnyima mjukuu matobolwa yake.

Maneno ya koo

Anza na maneno ambayo si lawama hata kidogo. Sauti nene, sauti nzito na sauti ya besi hueleza kina tu. Usiyaongezee "ya kutisha" ila kama yuko mtu aliyetishika, na umtaje. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha St. Mary's hapo Tabora na ambaye Januari 1958 aliushawishi mkutano mkuu wa TANU mjini humo ukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, moja kwa kila kundi la rangi, hakuwa na sauti nene; kanda zake zipo, sikiliza. Uzito wa maneno na uzito wa koo ni vitu viwili.

Kisha kuna sauti zenye kasoro. Sauti ya kukwaruza, au yenye mikwaruzo, ni ile isiyotoka laini, ya siku zote. Sauti iliyokauka ni ya muda: mtu ametoka usingizini, au ana kiu, au ameshtuka. Aliyepwelewa na sauti ameipoteza kabisa au karibu kabisa, kwa kupiga kelele, kuimba usiku kucha au kuugua. Sauti nyembamba huweza kuwa tamu. Ikiwa inaudhi, sema inachoma masikio. Anayesemea puani ana sauti ya king'ong'o, na neno hilo litumie kwa uangalifu, kwa sababu wapo waliozaliwa hivyo na wamechoka kuchekwa.

Kanuni yangu hapa ni kwamba neno la koo liende na sababu yake. Magharibi ya Tanzania sababu hazikosekani: vumbi la kiangazi, moshi wa kurina asali, mabani ya tumbaku, mnada wa ng'ombe. Linganisha sentensi hizi mbili:

Dalali alikuwa na sauti mbaya.

Dalali alikuwa amepwelewa na sauti tangu saa nne; bei ya mwisho aliitaja kwa vidole.

Ya kwanza inamhukumu mtu. Ya pili inamwonyesha kazini, na msomaji anasikia hata kile kisichosikika.

Vitenzi vya moyo uliochafuka

Kwa hasira, achana na sifa, chukua kitenzi. Kiswahili kimeweka vipimo vyake ndani ya vitenzi, na kila kimoja kina mahali pake.

Kung'aka ni kwa ghafla: neno moja au mawili, kisha kimya. Anayefoka maneno humtoka mengi na kwa kasi, hasira imefurika. Kubwatuka ni kufumuka bila kupima, mara nyingi mtu akasema hata la siri. Kunguruma ni kwa sauti nzito isiyo na haraka. Kukoroma, ukiacha kule kwa usingizini, ni kwa chini, meno yamebana, na humwogofya mtu kuliko kelele. Kuja juu na kuwaka ni maneno ya kila siku, yanafaa katika mazungumzo ya wahusika. Kutoa povu ni la vijana; liache midomoni mwao.

Kundi la pili lina mamlaka ndani yake. Kukaripia hufanywa na mkubwa kwa mdogo, kwa maneno makali na mafupi. Kukemea kuna uzito wa maadili: mzee hukemea utovu wa adabu, mhubiri hukemea pepo. Kugombeza ni kwa nyumbani, na huko huko nyumbani wengi husema tu "mama alinisema", msikilizaji akaelewa kila kitu. Kupiga mkwara ni kutisha kwa maneno bila hakika ya kutekeleza. Anayepigiwa mkwara akigundua, huweza kucheka. Ukiandika "mtoto alimkaripia babu yake", msomaji atasimama, maana ngazi imegeuzwa. Kama ndipo unapotaka asimame, vizuri. Kama sivyo, tafuta kitenzi kingine.

Kundi la tatu ni la hatari: kubweka, kubwata, kupayuka, kuropoka. Haya yanaeleza zaidi chuki ya msemaji kuliko sauti ya msemwa. Mhusika wako anaweza kusema, "Mwache abweke." Wewe mwandishi wa habari au katibu wa kikao huwezi. Ukiandika kwenye kumbukumbu kwamba mjumbe "alipayuka", umeshapiga kura.

Sasa angalia herufi chache zinazofanya kazi kubwa. Mtu anaweza kufoka peke yake, jikoni, kwa sababu mkaa umelowa. Akimfokea mtu, habari imebadilika: yuko aliyelengwa. Vivyo hivyo kung'aka na kumng'akia mtu, kukoroma na kumkoromea. Mara nyingi kesi nzima ya nani kamkosea nani imo ndani ya kiambishi hicho kimoja. Mwalimu anayeandika "mwanafunzi huyu hufoka" na anayeandika "mwanafunzi huyu huwafokea wenzake" wanawaandikia wazazi mambo mawili tofauti. Wa kwanza anahitaji kuulizwa ana shida gani. Wa pili anahitaji kuonywa.

Ubaridi ni ukali usio na kelele

Si kila sauti isiyo ya kirafiki iko juu. Anayejibu kwa mkato, anayeguna, anayenuna, anayesema kwa sauti kavu, na juu ya wote anayesonya, hawajapandisha sauti hata kidogo. Msonyo hauna hata neno moja ndani yake, na umevunja ndoa.

Hapa mwandishi anahitaji kuonyesha, kwa sababu maneno yenyewe yanaweza kuwa ya adabu kabisa. Chukua dirisha la tiketi katika stesheni yoyote ya reli ya kati:

"Shikamoo mama. Samahani, treni ya Kigoma inaingia saa ngapi?"

"Kesho."

"Kesho saa ngapi, mama yangu?"

"Ubao huo hapo."

Hakuna tusi, hakuna kelele. Ila marahaba haikutoka, na jibu la pili limemwelekeza mtu kwenye ubao badala ya kwenye saa. Ukiongeza "alisema kwa ukali" umeharibu, kwa kuwa hakuwa mkali, alikuwa mkavu. Ukihitaji neno, basi "bila kuinua macho" linatosha. Katika nchi ambayo watu husalimiana kabla ya kuulizana njia, iwe kwa "Mwangaluka" kule vijijini Unyamwezi au kwa shikamoo mjini, anayeruka salamu ameshagomba kabla hajasema lolote.

Lakini usikimbilie kumhukumu mkavu naye. Ukavu una wazazi wengi: dharau, uchovu, msiba, na hata aibu. Stanley alipomkuta mmisionari David Livingstone Ujiji mwaka 1871, kwa simulizi yake mwenyewe alimwamkia kwa maneno ya kirasmi na baridi ambayo dunia imeyacheka hadi leo. Mwaka uliofuata aliandika kwamba alitamani kumkimbilia na kumkumbatia, ila umati ule ulimtia woga, na hakujua Mwingereza yule angempokea vipi. Aliyekuwa Ujiji siku ile angeweza kuandika "mgeni alimsalimu kwa kiburi", na angekosea. Kwa hiyo ukisikia sauti kavu na hujui chanzo chake, andika ulichosikia, ishia hapo. "Kwa kiburi", "kwa dharau" na "kwa kebehi" ni maneno ya nia. Yaandike pale tu unapoweza kutaja ushahidi, kama jicho lililopanda na kushuka, au jina la mtu lililotamkwa kwa kejeli.

Kelele za kazi

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Kitabu chake cha 1860 kinalalamikia mno makelele ya msafara wake: ngoma, baragumu, vifijo, watu kuitana alfajiri. Aliyasikia kwa sikio la mtu aliyetaka kulala. Kwa mpagazi aliyekuwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, kelele zile zilikuwa taarifa: kirangozi, yaani kiongozi wa njia, ameondoka, mto uko mbele, kambi imekaribia. Sauti ilipaswa kumfikia mtu wa mwisho katika mstari wa mamia, na sauti ya kufika mbali haiwezi kuwa laini. Mnyapara naye, aliyekuwa na kazi ya kuhimiza kundi lake, alisikika mkali kwa sababu kazi ilimtaka asikike.

Stendi ya Tabora ina warithi wao. "Urambo! Urambo! Bado wawili!" si ugomvi, ingawa mgeni aliyeshikwa begi anaweza kudhani amekamatwa. Kwa watu wa namna hii tumia kupaaza sauti, kuita, kunadi, kuhimiza. Hifadhi kufoka kwa mpiga debe aliyenyimwa ujira wake. Na ukimpa msimamizi wa kibarua "sauti ya kinyapara", hakikisha unamaanisha amri isiyongoja jibu, wala si sauti kubwa tu. Tena wako wanaotoa amri za kinyapara kwa kunong'ona.

Lafudhi na utani

Njia ileile ya misafara iliyobeba pembe za ndovu na nguo ilibeba Kiswahili kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kila mahali kilipopita kikavaa sauti ya wenyeji. Kinyamwezi na Kiha ni lugha za toni. Mzungumzaji wa lugha hizo akija kwenye Kiswahili, sauti hupanda na kushuka mahali ambapo sikio la pwani halikutarajia. Ndipo utasikia mtu wa pwani akisema watu wa bara "wanasema kama wanagombana". Hawagombani. Ukitaka kulitaja jambo hilo, taja lafudhi kwa jina lake, na kama kuna mhusika anayeisikia kama ukali, mwache yeye aseme hivyo ili lawama ya sikio ibaki kwa mwenye sikio. Ni hivyohivyo kwa Mkenya anayeagiza, "Leta chai," katika mgahawa wa Tabora, ambako watu husema "naomba". Wahudumu watatazamana. Kwake yeye hajamkosea mtu.

Utani ni mtego mwingine. Wanyamwezi wana watani katika makabila ya ile njia ya zamani, Wazaramo wakiwamo, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Anaingia msibani akibwata, anamtukana marehemu kwa kufa bila kulipa madeni, anadai apewe kitanda. Asiyejua atasikia unyama. Ukiandika tukio kama hilo, taja utani mapema, kisha andika matusi yote kwa sauti yake kamili. Ukiyalainisha, umeua utani. Ukichelewa kuutaja, msomaji ameshamchukia mtu asiye na kosa.

Unapolalamika kwa maandishi

Maneno ya kawaida katika masanduku ya maoni ni "lugha chafu" na "kauli mbaya". Mkuu wa kituo akiyasoma hana la kufanya, kwa sababu hajui kilichosemwa, na mtuhumiwa atajibu, "Hiyo ndiyo sauti yangu." Mara nyingine atakuwa anasema kweli. Ondoa sifa, weka mambo manne: maneno yenyewe, kiasi cha sauti kwa kipimo cha watu waliokuwapo, mwili wake ulivyokuwa, na kilichotangulia. Mfano:

"Saa tatu asubuhi nilimwuliza mhudumu wa dirisha la pili kama dawa imefika. Hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho, 'We mama, nimekwambia mara ngapi?' Nilikuwa sijamwuliza kabla."

Hakuna neno "mkali" hapo, na hakuna atakayesema ni koo. Utaratibu huohuo unafaa kwa maelezo ya polisi na ushahidi wa baraza la kata. Kama hukumbuki maneno kamili, sema hukumbuki, kisha toa maana yake. Usimtungie mtu tusi.

Anayeandika hadithi ana sheria hiyohiyo kwa sababu nyingine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Yamejaa "nikamwambia" na "akanambia", bila pambo. Ukali uko ndani ya kilichosemwa. Ukiona mazungumzo yako yanahitaji "kwa ukali" kila mstari, kasoro iko kwenye maneno uliyowapa wahusika. Yarekebishe hayo kwanza, kisha utaona vielezi vingi havina kazi.

Kama sauti hiyo ni yako

Wapo watakaosoma haya kwa sababu wameambiwa wao wenyewe ni wakali. Pima kwa maswali yaleyale matatu. Kama ni koo, waambie watu mapema, hasa walio chini yako: "Sauti yangu ndivyo ilivyo, sijakasirika." Sentensi hiyo huokoa watoto na vibarua wengi. Sauti ikikauka na isirudi kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, nenda hospitali ukaangaliwe koo, hasa kama unavuta tumbaku.

Kama ni moyo, si lazima ushushe sauti, taja sababu. "Nimechoka, nimetoka safari" humfanya msikilizaji aelewe kwamba hasira haimhusu. Na kama ni kauli, kulainisha sauti hakutasaidia kitu, maana dharau husikika hata kwa kunong'ona. Rudisha salamu mahali pake, mwite mtu kwa jina au kwa cheo chake cha ujamaa, anza na "naomba" pale ulipozoea "lete", jibu swali uliloulizwa kwa mdomo wako, si kwa ubao ulio ukutani. Sauti nene ikibaki nene baada ya hapo, hakuna atakayejali.